Uzi: Hakuna babu yenu aliyempigia Kenyatta kura ya urais

#1 Kibokoni_Juu

Assalaam aleykum, na wengine hamjambo.

Kila Juni mosi na kila Disemba 12 ubishi ni ule ule. Mtu mzima na ndevu zake yuwakaa barazani na kikombe cha kahawa, yuwaapa kwamba babake alimpigia Mzee Kenyatta kura ya urais mwaka 1963. Haiwezekani. Kura hiyo haikuwapo.

Mei 1963 watu walipiga kura kwa awamu, kati ya tarehe 18 na 26. Walichagua wajumbe wa bunge la jimbo, wakachagua maseneta, kisha wakachagua wabunge wa Baraza la Wawakilishi. Hapo kwenye wawakilishi chama cha KANU kilipata viti 83, wapinzani wao KADU 33. Juni mosi tukapata madaraka ya ndani, na Kenyatta, kwa kuwa ndiye kiongozi wa chama kilichoshinda, akawa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu, si rais.

Disemba 12, 1963 bendera ya Mwingereza ikateremka. Mkuu wa nchi akawa nani? Malkia Elizabeth, yule yule. Malcolm MacDonald aliyekuwa gavana akawa gavana mkuu. Mwaka mzima tulikuwa taifa huru lenye malkia wa London, na wengi wetu hatukufundishwa hivyo shuleni.

Jamhuri ikaja Disemba 12, 1964, na katiba iliyorekebishwa ilisema aliyekuwa Waziri Mkuu ndiye awe Rais. Hakuna sanduku lililobebwa wala mtu aliyepanga foleni. Baada ya hapo 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988 mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, kwa hivyo karatasi ya rais haikuchapishwa. Mkenya alitia alama mbele ya jina la mgombea urais kwa mara ya kwanza tarehe 29 Disemba 1992.

Kutoka jamhuri mpaka kura ya rais ni miaka 28. Leteni hoja, matusi wekeni kando.

#2 Chai_Maziwa

Babangu aliniambia alipiga. Sasa muongo ni babangu ama ni katiba? Chagua vizuri maneno, tunajuana mitaa.

#3 BintiWaMajengo

Hakuna muongo hapo. Babako aliona jogoo, alama ya KANU, akatia alama kwa jogoo, na kichwani mwake jogoo ni Kenyatta. Kibokoni wewe wasoma karatasi, husomi watu.

Rudi nyuma kidogo, Februari 1961. KANU waliingia kwenye uchaguzi ule wakiimba "Uhuru na Kenyatta", na mwenyewe bado yuko kizuizini. Wakashinda kura, kisha wakakataa kuunda serikali mpaka atolewe! KADU ndio walioingia serikalini, Ronald Ngala mbele. Mzee akatoka Agosti. Sasa mtu anayekataa kushika serikali kwa ajili ya mtu mmoja, utasema hampigii kura mtu huyo? Mwaka wa 1963 hakukuwa na mpiga kura wa KANU, kuanzia Makupa mpaka Changamwe, ambaye hakujua nani ataketi kitini wakishinda. Jina halikuwa kwenye karatasi, lakini lilikuwa midomoni.

#4 Wakili_wa_Barazani

Dada Binti ana hoja ya kisiasa, Kibokoni ana hoja ya kisheria, na mnagongana kwa sababu mambo haya mawili si kitu kimoja. Waziri Mkuu anaweza kuondolewa na wabunge asubuhi na jioni akawa mbunge wa kawaida. Rais wa 1964 alikuwa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi kwa pamoja. Mwenye kumpigia kura mbunge wa jogoo Mei 1963 alikubali cheo cha kwanza. Cha pili kiliongezwa baadaye, yeye akiwa shambani kwake.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Katiba ile ya uhuru ilikuwa ngumu kuibadilisha makusudi. Vifungu vya kawaida vilitaka asilimia 75 ya kila baraza, na vile vilivyolindwa zaidi, vya majimbo hasa (kila jimbo na bunge na mamlaka yake, jambo ambalo KADU walilitaka), vilitaka asilimia 90 ya Seneti. KADU walikuwa na maseneta wa kutosha kuzuia. Ndipo serikali ikasema 1964: Seneti ikigoma, twaenda kwa wananchi, kura ya maoni Novemba. Haikufika huko. Novemba 10, 1964 KADU ikajivunja na wabunge wake wakavuka upande wa serikali. Marekebisho yakapita kama maji.

Kwa hivyo 1964 tulikaribia sana kuulizwa. Na hata hilo swali lingekuwa la katiba, lisingekuwa la nani awe rais.

#5 Tanga_Kwetu

Majirani, habari za Mvita. Sisi huku tuliulizwa 😀

Tanganyika ilipata uhuru Disemba 9, 1961, nayo ikaanza na Malkia na gavana mkuu, Sir Richard Turnbull. Nyerere akawa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 akaenda kujenga chama, Kawawa akashika usukani. Kabla ya jamhuri ikapigwa kura ya rais tarehe 1 Novemba 1962. Wagombea wawili: Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Nyerere kura 1,127,978. Mtemvu kura 21,276. Jamhuri ikazaliwa Disemba 9, 1962 ikiwa na rais aliyepigiwa kura na watu.

Kenya mlikuwa na mfano huo mpakani kwenu, miaka miwili kabla.

#6 Chai_Maziwa

Asilimia 98. Huo nao ni uchaguzi ama ni maulidi?

#7 Tanga_Kwetu

Cheka mkuu, lakini Mtemvu hakuwa kikaragosi. Alikuwa mtu wa TANU mwenyewe. Mwaka 1958 mkutano wa Tabora ulipoamua TANU iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura ilimbidi achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, yeye akaona ni kujidhalilisha, akatoka akaanzisha chama chake. Msimamo wake kuhusu nani awe Mtanganyika ulikuwa mkali kuliko wa Nyerere, wengine tungeukataa leo. Lakini alisimama, akahesabiwa. Hata mimi leo naweza kukuambia ni Watanganyika wangapi walisema hapana kwa Nyerere mwaka ule.

Na sitakuficha, baada ya hapo mlango ulifungwa. 1965 ilikuja mfumo wa chama kimoja, na karatasi ikawa ya mgombea mmoja, ndiyo au hapana.

#8 Wakili_wa_Barazani

Ghana nao 1960 walifanya hivyo hivyo, Nkrumah dhidi ya J. B. Danquah, kura ya rais na kura ya katiba ya jamhuri kwa pamoja. Danquah alipata kura laki moja na ushei dhidi ya milioni moja za Nkrumah. Uganda 1963 ndiyo iliyofanana na sisi kiasi: wabunge walimchagua Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, awe rais, mwananchi hakuguswa.

Kwa hivyo usituambie "zama zile ndivyo ilivyokuwa". Zama zile palikuwa na njia zaidi ya moja, na kila nchi ilichagua yake.

#9 Baharia_Mstaafu

Vijana, mwasema 1960 na 1962, lakini hizo zote ni kura zilizopigwa baada ya bendera kupanda. Iko nchi iliyopiga kura ya rais kabla ya uhuru. Timor ya Mashariki. Meli imenipitisha maji yale, kwa hivyo niliifuatilia sana habari yao.

Mreno aliwatawala karne nyingi, Mreno huyo huyo aliyetujengea Ngome Kuu (Fort Jesus) hapa 1593. Akaondoka 1975, wakatangaza uhuru Novemba, na tarehe 7 Disemba Indonesia ikaingia na majeshi. Agosti 1999 wakapewa kura ya maoni, asilimia 78 na nusu wakasema twataka kwenda zetu. Wanamgambo wakachoma mji. Umoja wa Mataifa ukaja kuendesha nchi nzima, forodha, mahakama, kila kitu.

Basi Aprili 14, 2002, wakiwa bado chini ya Umoja wa Mataifa, wakapiga kura ya rais. Xanana Gusmão, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa msituni na akafungwa Jakarta, dhidi ya Francisco Xavier do Amaral, mzee aliyetangazwa rais 1975 kwa siku zile chache kabla ya uvamizi. Gusmão alipata karibu asilimia 83. Uhuru ukaingia usiku wa kuamkia Mei 20, na rais tayari wanaye, wamemchagua wenyewe.

Nililolipenda ni huyu mzee do Amaral. Kila mtu alijua atashindwa, na yeye alijua. Alisimama ili watu wawe na cha kuchagua, isionekane mtu amepakwa mafuta tu. Naye Gusmão alikuwa akisema wazi kwamba cheo hakitaki. Nchi imetoka kuungua, maskini wa kutupwa, na bado wakaona hapana, lazima pawe na majina mawili kwenye karatasi.

#10 BintiWaMajengo

Ami Baharia, shukran. Hilo la majina mawili limenigusa. Lakini wao walikuwa na Umoja wa Mataifa wa kuwashikia sanduku. Sisi sanduku lilishikwa na nani? DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni.

#11 Mwana_Kaloleni

Nimesoma kimya tangu juu nikingoja mtu wa Mombasa amtaje Ngala kwa jina lake na kwa kazi yake. Ametajwa mara moja tu, tena kwa kupita. Ajabu.

Ngala alikuwa mwalimu, Mgiriama, na 1961 hadi 1962 ndiye Mwafrika aliyeongoza serikali ya Kenya, kabla Kenyatta hajashika wizara yoyote. Kwenye serikali ya mseto ya 1962 hao wawili walikuwa mawaziri wa dola wa mambo ya katiba kwa wakati mmoja. Mei 1963 KADU wakashinda mabunge ya majimbo matatu: Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ngala akawa rais wa bunge la jimbo la Pwani. Moi akawa wa Bonde la Ufa.

Sasa jiulizeni. Katika nchi hii, mwaka 1963, mkulima wa Kaloleni alipiga kura ya kumchagua mjumbe wa bunge la jimbo lake, akijua wazi ni nani ataliongoza. Hiyo ndiyo kura iliyokuwa karibu naye kuliko zote. Mwaka mmoja na nusu baadaye cheo hicho kikapunguzwa kikawa cha uenyekiti, fedha zikakaliwa Nairobi, majimbo yakageuzwa mikoa, na mkoa ukapewa mtu anayeteuliwa na Rais. Ninyi mwalilia kura ya urais ambayo hamkupewa. Mimi nalilia ile niliyopewa ikachukuliwa.

Ngala mwenyewe akaingia KANU, 1966 akawa waziri, 1972 akafa baada ya ajali ya gari. Kumbukumbu yake mjini ni jina la barabara na kibao cha matatu.

#12 Mjukuu_wa_Reli

Ndugu Kaloleni, nakuheshimu, lakini nami niseme upande wangu, maana naona nyote mnaongea kama Mombasa ya 1963 ilikuwa Kibokoni na Kaloleni tu.

Babu yangu alikuja kufanya kazi reli, akaishi Changamwe, akazikwa hapa. Jirani zake walikuwa makuli wa bandarini, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wataita. Mwaka 1955 hao ndio waliogoma bandarini mpaka Tom Mboya akaja kusuluhisha. Mji huu ulijengwa na mikono yao pia. Walipolisikia neno majimbo hawakusikia fedha za barabara wala bunge la karibu. Walisikia "rudi kwenu". Ndiyo maana KANU ilikuwa na nguvu mjini hata kama mashambani Pwani ilikuwa ya KADU.

Na msiniambie walikuwa waoga bure. Agosti 1997 Likoni ilionyesha hofu ile ilikuwa na mwili. Watu waliuawa, maelfu wakakimbilia makanisani, na waliotafutwa walikuwa watu wa bara. Karatasi zilizosambazwa hazikusema habari za Seneti.

Kwa hiyo ukiniuliza kama babu yangu aliibiwa kura 1964, nitakuambia alilala usingizi mzuri siku KADU ilipovunjwa. Si kwamba alikuwa hapendi demokrasia. Alikuwa na nyumba ya chumba kimoja na watoto shuleni.

#13 Mwana_Kaloleni

Na Mgiriama aliyekuwa maskwota juu ya ardhi ya babu zake, hati iko kwa mtu aliyeko ng'ambo, alilala usingizi gani siku hiyo?

#14 Mjukuu_wa_Reli

Mbaya. Sikatai. Lakini ardhi ile haikuchukuliwa na kuli wa Changamwe.

#15 Kibokoni_Juu

Hapo #13 na #14 mmefika penyewe, na ndipo nilipotaka tufike.

Niongeze la Mwambao, maana bila hilo Mombasa haieleweki. Kisheria mji huu haukuwa ndani ya Koloni la Kenya. Ukanda wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana bendera nyekundu ilikuwa ikipepea Ngomeni. Uhuru ulipokaribia, swali la watu wa Mji wa Kale halikuwa "nani awe rais". Lilikuwa "sisi tunaingia nchi gani?" Wako waliotaka Mwambao iwe peke yake, wako waliotaka irudi Zanzibar, wako waliotaka Kenya moja. Sheikh Abdilahi Nassir alikwenda kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, 1962 kuitetea hoja ya Mwambao.

Na hilo nalo halikupigiwa kura. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir James Robertson 1961, akazunguka, akasikiliza, akaandika kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, London, Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana kwa kubadilishana barua. Watu wa Pwani wakaahidiwa mahakama za Kadhi, hati zao za ardhi kuheshimiwa, na dini yao. Kadhi yuko mpaka leo, yumo kwenye katiba ya 2010 kifungu cha 170. Hiyo ndiyo ahadi ya 1963 iliyobaki imesimama.

Hesabuni basi. Ukanda ulihamishwa kwa barua. Majimbo yalivunjwa kwa watu kuvuka ukumbi. Rais alipatikana kwa kifungu. Mambo makubwa matatu ndani ya miezi 15, na mwananchi wa Mombasa hakuulizwa hata moja. Sisemi angejibu nini! Huenda angekubali yote matatu, na babu yake Mjukuu angekuwa wa kwanza foleni. Lakini asiyeulizwa hukaa akidhani jibu lake lilikuwa lile lingine. Vijana walioandika "Pwani si Kenya" ukutani miaka ya 2010 walikuwa wakibishana na barua ya Oktoba 1963.

#16 Chai_Maziwa

Wakati huo Kenyatta na Ngala wangepigiwa kura, angeshinda nani? Tuache mzunguko.

#17 Mjukuu_wa_Reli

Kenyatta. Tena mbali. Hilo hata Kaloleni anajua.

#18 Mwana_Kaloleni

Najua. Kenyatta angeshinda Nyanza, angeshinda Kati, angeshinda Nairobi, na huenda angeshinda Mombasa mjini.

Lakini rudini #5 mkasome tena. Mtemvu, chama kidogo, hana mbunge, ana namba yake: 21,276. Do Amaral wa Timor ana asilimia yake. Ngala, aliyekuwa ameongoza serikali, mwenye majimbo matatu nyuma yake, hana namba. Kwenye orodha ya wagombea urais wa nchi hii hayumo kabisa. Mtoto wa shule akiuliza ni wangapi walitaka Kenya ya namna nyingine 1964, mwalimu hana cha kumwonyesha. Atamwambia "KADU ilijiunga kwa hiari kwa ajili ya umoja". Ndivyo ilivyoandikwa vitabuni tulivyosoma.

Kushindwa kwa kura ni jambo moja. Kufutwa daftarini ni jambo jingine.

#19 Wakili_wa_Barazani

Tena tuliona faida yake 1992. Moi alipata asilimia 36 hivi. Maana yake zaidi ya sita katika kumi walisema hapana, ila waligawanyika kwa Matiba, Kibaki na Odinga. Kabla ya hapo, kwa miaka 14 ya utawala wake, hakuna aliyeweza kulitamka hilo kwa tarakimu. Ulikuwa unaambiwa nchi yote iko nyuma yake. Hapa Mombasa Kisauni na Likoni zikaenda Ford-Kenya, chama cha Odinga, na ghafla watu wakatambua kwamba jirani zao nao walikuwa wakinung'unika.

Fikirini kama karatasi ile ingekuwapo 1964, na 1969, na 1974.

#20 BintiWaMajengo

Kama ingekuwapo 1969, KPU, chama cha upinzani cha Odinga, isingepigwa marufuku? Usinichekeshe, wakili. Ilipigwa marufuku Oktoba, uchaguzi ukawa Disemba. Karatasi hailindi mtu ambaye chama chake chaweza kufungwa kabla ya kuchapishwa. Hata Tanga amekubali: kwao kura ya majina mawili ilikuwa moja, kisha kimya miaka thelathini na ushei.

#21 Tanga_Kwetu

1962 halafu 1995. Ni kweli dada. Lakini ile moja ipo.

#22 Baharia_Mstaafu

Kuna mmoja wenu ataje pia Sultani Jamshid Januari 1964, Mapinduzi yalipomtoa Unguja akaja na meli mpaka hapa Mombasa na Kenya ikamkatalia kushuka. Mji ambao mwezi mmoja nyuma bendera yake ilikuwa ikipepea. Hiyo nayo ina mengi ndani yake.

#23 Kibokoni_Juu

Ami, hiyo ifungulie uzi wake, tutakufuata. Hapa nataka kitu kimoja tu sasa: mwenye mzee nyumbani aliyepiga kura Mei 1963 amuulize alipiga siku ngapi na kituo gani, aandike hapa. Kituo na mtaa tu, majina ya wazee wetu msiyaweke.

#24 Chai_Maziwa

Babangu asema Tononoka, siku tatu mbalimbali. Ya rais ameacha kuizungumzia, amenikasirikia.